Hodi Bila Jina

Mpwa wangu alinisogezea simu, akaniambia, "Mjomba, hebu mtazame huyu." Kwenye kioo alikuwapo kijana aliyekaa ukingoni mwa kitanda, gitaa la umeme mapajani, vidole vikikimbia kwenye shingo ya gitaa kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Dakika mbili nzima hakuteleza hata mara moja. Ilipokwisha, mpwa wangu akauliza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda kesi: "Sasa niambie kweli, Jimi Hendrix angeyaweza haya?"

Nilimwambia kweli: huenda asingeyaweza. Kisha nikamwomba afumbe macho, nikafungulia rekodi ya B.B. King. Gitaa likatoa noti moja ndefu, iliyotulia kwanza, halafu ikaanza kutetemeka kuelekea mwisho wake. Mwimbaji hajafungua kinywa, kijana akasema, "Huyo mzee wa Lucille." Nilipomuuliza amemjuaje, alifumbua macho, akafikiri, akakosa maneno. "Nimemjua tu, mjomba."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Mabishano juu ya nani mkubwa kati ya wapiga gitaa wa roki nimeyasikia tangu ujana wangu, na mara nyingi huishia kwenye mambo yanayopimika: nani ana kasi zaidi, nani ameuza albamu nyingi zaidi, nani kawekwa wa ngapi kwenye orodha ya jarida fulani. Mpwa wangu, bila kukusudia, alinipa kipimo kingine, nacho ni cha nyumbani kabisa.

Mtu akifika mlangoni hubisha hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" Wa nje hujibu, "Mimi." Ukilipima neno lenyewe, halijaeleza kitu, kila binadamu ni "mimi". Hata hivyo komeo huondolewa, kwa kuwa aliye ndani amekwisha kumjua mtu kwa sauti yake. Kujibu "mimi" na kufunguliwa ni heshima isiyopatikana kwa siku moja. Lazima uwe umeingia na kutoka humo mara nyingi, umecheka humo na kulia humo, hata sauti yako ikabaki masikioni mwa wenyeji. Naamini mpiga gitaa mkubwa ni yule anayeweza kusema "mimi" kwa noti moja.

Lugha yetu inatusaidia kuiona tofauti hii. Tuna fundi, na tuna manju. Fundi anaijua kazi: mpe kitanda kilichovunjika atakisimamisha, mpe redio iliyonyamaza atairudishia sauti. Manju ni yule mtunzi na kiongozi wa ngoma ambaye akishika wimbo, watu huacha walichokuwa wakifanya. Kila manju ana ufundi wake, lakini mafundi wengi hawafiki kwenye umanju, wala si aibu yao. Kijana wa kwenye simu ni fundi wa kuheshimiwa. Zile dakika mbili amezilipia kwa usiku mwingi na kwa ncha za vidole zilizoota sugu. Nisingependa mtu yeyote amdharau.

Wala kasi yenyewe si adui. Mwaka 1978 ilitoka albamu ya kwanza ya bendi ya Van Halen, na ndani yake mlikuwa na kipande cha gitaa kiitwacho "Eruption", cha dakika 1 na sekunde 42. Eddie Van Halen aliupeleka mkono wake wa kulia juu ya shingo ya gitaa, akazigonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, kama mtu anayepiga kinanda. Wengine waliwahi kugonga hivyo kabla yake. Baada yake, vijana kote duniani wamejifungia vyumbani wakikiiga kipande hicho noti kwa noti, na wengi wameifikia kasi yake. Kinachowaponyoka ni furaha: katika mikono yake noti zilitoka mbio zikicheka, kama watoto waliofunguliwa lango la shule. Kasi ilikuwa mwendo wake tu, kama walivyo watu wanaotembea haraka tangu walipojua kusimama.

Basi sauti ya mtu hutoka wapi?

B.B. King alikuwa mtu wa bluzi, lakini roki ni mtoto wa bluzi, na watoto wa nyumba hiyo, Eric Clapton na Hendrix wakiwamo, walijifunza kwake. Katika ujana wake alimhusudu Bukka White, ndugu wa upande wa mama yake, aliyepiga gitaa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi hadi zikalia kama mtu. King alijaribu njia hiyo, ikamshinda. Akaanza kuutikisa mkono wake wa kushoto, kidole kimeukandamiza uzi palepale, akiutafuta mlio ule kwa nyama na mfupa. Hakuupata. Alichopata ni ule mtetemo ambao mpwa wangu aliutambua akiwa amefumba macho. Sauti iliyomtambulisha King duniani kote ilizaliwa mahali aliposhindwa kuwa mtu mwingine.

Katika baridi ya mwaka 1949, ukumbi alimokuwa akipiga huko Twist, Arkansas, uliwaka moto baada ya wanaume wawili waliokuwa wakipigana kuliangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa ili kupasha joto. King alikuwa ametoka salama alipokumbuka kwamba gitaa lake limebaki, akarudi ndani ya moto kulichukua. Baadaye akasikia ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille. Akalipa gitaa jina hilo, na magitaa mengine yote yaliyofuata, ili asije akarudia kosa lile. Septemba 1974 alipanda na Lucille jukwaani Kinshasa, kwenye tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Franco na bendi yake, TP OK Jazz, nao walipiga kwenye tamasha hilo. Huwa naufikiria uwanja ule: watu waliozoea kumjua Franco kwa mlio wa gitaa lake kabla hajaimba, wakimsikiliza mgeni ambaye kwao Mississippi alijulikana vivyo hivyo. Sidhani kama walihitaji mkalimani.

Tony Iommi naye anatufundisha jambo la jamaa hii. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati mjini Birmingham, Uingereza. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Alikuwa anaondoka kwenda kupiga muziki na bendi. Siku hiyo aliwekwa kwenye mashine asiyoizoea, nayo ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Iommi hutumia kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea rekodi ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa Ufaransa aliyeungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaharibika, na bado akawa nguli wa jazi.

Iommi aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga iwe vikofia vya kuvalisha vidole, akavibandika vipande vya ngozi ili vishike uzi. Vidole hivyo havikusikia tena uzi kama zamani, kwa hiyo akatafuta nyuzi nyembamba zaidi, hata za banjo. Kutokana na nyuzi nyembamba na vidole visivyohisi, ukatoka mlio mzito na wa giza ambao dunia iliusikia mwaka 1970 kwenye albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath. Baadaye akazilegeza nyuzi ili zimpe nafuu, gitaa zima likashuka chini, na muziki wote wa metali ukafuata njia hiyo.

Nasimulia hadithi hii kwa uangalifu, kwa sababu ni rahisi kuihubiri vibaya. Maumivu hayamfanyi mtu kuwa mkubwa. Viwanda vya Birmingham viliwakata wengi vidole, na wengi wao walibaki na vidole vilivyokatika tu. Kilichomtofautisha Iommi ni kwamba hakujaribu kupiga kama mtu mwenye vidole kumi. Aliusikiliza mkono aliobaki nao, akautungia muziki unaouenea. Walioiga baadaye wana vidole vyote, wanalegeza nyuzi zao kwa hiari, na wengine wanapiga vizuri sana. Lakini wanaishi kwenye nyumba ambayo mtu mwingine aliijenga kwa sababu hakuwa na pa kulala.

Hata hivyo, sauti inayojulikana haitoshi. Hodi ina adabu zake. Mgeni hubisha, husubiri karibu, huingia kwa mguu wa taratibu, hukaa anapoonyeshwa. Solo ya gitaa nayo ni mgeni ndani ya wimbo, na nimesikia wapigaji wengi wenye sauti nzuri wakiingia bila hodi, wakikaa kwenye kiti cha mwenye nyumba na kusahau kuondoka.

Adabu hiyo naisikia kwa Brian May, kwenye wimbo wa mtu aliyezaliwa kwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1975 bendi yao, Queen, ilitoa "Bohemian Rhapsody". Mercury anaimba beti mbili za majuto kwenye piano, sauti ikipanda, na pale ambapo binadamu hawezi kupanda zaidi, gitaa linapokea. Linaingia kama ndugu anayemshika mkono aliyechoka kuongea msibani, akaendelea pale alipoachia. May hakuurudia muziki wa beti. Alitunga wimbo mdogo mwingine ndani ya ule mkubwa, unaoimbika kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akanyamaza ili kwaya iingie.

Gitaa lenyewe alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, kuanzia mwaka 1963. Shingo waliichonga kutoka mbao ya rafu kuukuu iliyokuwa juu ya meko ya kuotea moto. Matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi walizitoa kwenye pikipiki kuukuu. Alama za shingoni ni vifungo vya gamba la chaza kutoka kwenye vifaa vya kushonea vya mama. Na mahali ambapo wengine hupigia nyuzi kwa kipande cha plastiki, May hutumia sarafu ya peni sita yenye ukingo wa meno, na mkwaruzo wa meno yale husikika mwanzoni mwa kila noti kama pumzi ya mtu anayetaka kusema. Nikiisikia solo ile nasikia nyumba nzima: baba, mama, rafu, pikipiki. Labda ndiyo maana iliweza kuingia kwenye nyumba ya mtu mwingine kwa heshima namna ile.

Adabu ya juu kuliko zote ni ya mpiga rithim. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi hatuhitaji kuelezwa: ukumbini macho yote yako kwa mpiga solo, lakini miguu yote iko kwa mpiga rithim. Katika roki mtu huyo kwangu ni Malcolm Young. Yeye na mdogo wake Angus, wazaliwa wa Glasgow, walianzisha AC/DC mjini Sydney mwaka 1973. Angus alivaa sare ya shule, akakimbia jukwaa zima akibingirika na gitaa lake. Malcolm alisimama nyuma, karibu na ngoma, akipiga mapigo yaleyale kwa nguvu ileile usiku hadi usiku. Sikiliza wimbo wa "Back in Black" wa mwaka 1980: gitaa linapiga, linanyamaza, na ule unyamavu umekatwa kwa usahihi kama mlango uliochongwa na seremala mwema, usioacha upenyo. Malcolm alijulikana kwa ukimya baina ya noti zake. Alifariki mwaka 2017, na orodha nyingi za wapiga gitaa bora huanza na watu wa solo. Mimi ningemweka mbele, kwa sababu nyumba bila nguzo haina mlango wa kubishia hodi.

Halafu kuna saa. Sauti inaweza kuwa yako, adabu ukawa nayo, na bado likaja swali: ulisema nini siku ile iliyokuhitaji?

Jumatatu asubuhi, tarehe 18 Agosti 1969, Hendrix alipiga kwenye tamasha la Woodstock, jimboni New York. Tamasha lilikuwa limalizike Jumapili, lakini mvua na ucheleweshaji viliisukuma zamu yake hadi kulipokucha. Kati ya watu zaidi ya laki nne, wengi walikwisha kuondoka. Shamba lilibaki tope na takataka. Alisimama na kitambaa chekundu kichwani, gitaa la watu wa mkono wa kulia amelipindua kwa kuwa yeye alitumia kushoto. Kuelekea mwisho wa zamu yake akaanza wimbo wa taifa wa Marekani bila kuimba neno hata moja. Mwanzoni sauti ilikwenda kama kila mtu anavyoijua. Ilipofika mahali ambapo maneno ya wimbo hutaja silaha za vita, gitaa likaacha kuimba na kuanza kuonyesha: ndege zikishuka, mabomu yakipasuka, ving'ora vikilia.

Namna alivyofanya hivyo ataielewa kila aliyehudhuria harusi ambayo mshereheshaji amesogea na maiki karibu mno na spika. Hutoka mluzi mkali, watu wakaziba masikio. Sauti ya spika imeingia tena kwenye maiki, ikarudi kwenye spika, ikazunguka na kujizidisha. Gitaa la umeme hufanya vilevile: mlio wa spika huutikisa uzi, na uzi ukaulisha mlio. Mafundi mitambo huhangaika kuuzuia mluzi huo. Hendrix aliufuga. Alijua asimame umbali gani kutoka kwenye spika, ageuze gitaa upande gani, alegeze nyuzi lini kwa mkono wa chuma wa gitaa lake, hadi kelele ikamtii kama noti nyingine yoyote.

Ndani ya mlipuko ule alichomeka wito wa tarumbeta ambao wanajeshi wa Marekani huupiga kwenye mazishi, kisha akaurudia wimbo na kuumaliza. Hendrix mwenyewe aliwahi kuvaa sare ya jeshi. Alijiunga mwaka 1961, akawa askari wa miavuli. Na asubuhi ile vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea. Wapo waliosema ametukana wimbo wa taifa. Alipoulizwa kwenye televisheni, alijibu kwamba yeye aliona ni kitu kizuri, nami namwamini. Anayetaka kutukana wimbo haurudii akaumalizia. Nyumba ilikuwa inaungua, naye aliingia kuutoa wimbo, kama King alivyoingia kulitoa gitaa, na wimbo ukatoka na harufu ya moshi. Kijana wa kwenye simu anaweza kujifunza kila mlio wa dakika zile. Asubuhi ile haifundishiki.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba mzigo wote ni wa mpigaji. Lakini kuna hodi zinazobishwa kwa sauti safi, wenyeji wakakaa kimya.

Sister Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas, mama yake mhubiri na mpiga mandolini. Alipiga gitaa kanisani tangu utotoni. Mwaka 1944 alirekodi "Strange Things Happening Every Day", wimbo wa injili wenye gitaa ambalo ukilisikia leo utaapa kwamba roki ilikwisha kuzaliwa. Little Richard, Johnny Cash na Elvis Presley walimsikiliza na kumpenda. Mei 1964 aliletwa Manchester, Uingereza, kwa kipindi cha televisheni kilichorekodiwa kwenye stesheni ya reli isiyotumika tena: hadhira upande mmoja wa reli, wapigaji upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Tharpe alishuka kwenye gari la farasi akiwa ndani ya koti zito, akapokea gitaa lake jeupe, akafungua kwa wimbo wa gharika ya Nuhu. Kwenye picha za siku ile anapiga solo yake huku amesimama wima kama shangazi anayesalimia watu ibadani, na mkono wa kulia unawasha moto.

Watu walimsifu kwa kusema anapiga kama mwanamume. Alifariki mwaka 1973 mjini Philadelphia, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilitoa orodha ya wapiga gitaa bora 100. Jina lake halikuwamo. Aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Rock and Roll mwaka 2018, na orodha mpya ya jarida hilohilo ya mwaka 2023 ikamweka kwenye kumi bora. Katika miaka hiyo 20 yeye hakupiga noti hata moja mpya. Kilichokua ni masikio. Tangu nilipolitambua hilo, kila ninaposikia mabishano ya nani mkubwa najiuliza kwanza kama aliyebisha hodi amekosa sauti, au sisi tuliomo ndani tumezoea kufungulia watu wa namna moja tu.

Mpwa wangu bado anafanya mazoezi ya kasi, nami simkatazi. Lakini wiki iliyopita, usiku, nilikuwa chumbani kwangu nikasikia gitaa upande wa pili wa ukuta. Lilikuwa pole. Kipande kilekile kilirudiwa tena na tena, na kila kilipofika noti ya mwisho, uzi ulivutwa kwa kuchelewa kidogo na kuachwa mapema, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akalimeza. Mwalimu angemsahihisha.

Rekodi gani, au nani, sikuuliza. Nilijua ni yeye.